SOMO LA MNYORORO WA BAISKELI: SAFISHA KWANZA, NDIPO UTIE MAFUTA



Mambo ya kupalilia, kuchuma na kuanika karafuu twayajua tangu utoto wetu. Lakini karafuu ikisha kukauka haiendi yenyewe kwenye kituo cha ununuzi. Wenye gari ni wachache, na wengi wetu tungali twategemea baiskeli. Kwa hiyo somo la leo si la mkarafuu, ila ni la chombo kinachobeba mazao yake. Na katika chombo hicho nataka tutazame kitu kimoja tu, nacho ni mnyororo, au cheni kama wasemavyo vijana.

Nitaanza kwa kueleza kosa langu mwenyewe, ili mwenzangu asilirudie.

Msimu mmoja wa vuli nilifunga gunia la karafuu kavu juu ya baiskeli yangu, nikatoka shambani asubuhi mapema. Nilipofika mlimani nilisimama juu ya pedali ili nipate nguvu. Mara mnyororo ukaruka meno, ukajibana, ukakatika. Mimi nikaanguka upande huu na gunia upande ule. Goti lilichubuka, na hilo si neno. Neno ni kwamba kabla sijapata msaada mvua ilishuka, na turubai sikuwa nalo. Karafuu iliyokwisha kuanikwa siku nyingi ikalowa yote. Niliirudisha jamvini, lakini jua la vuli ni la kuazima. Nyingine iliota ukungu, na iliyosalia haikuwa tena karafuu ya daraja la juu. Kazi ya wachumaji nilikuwa nimekwisha ilipa kwa pishi, na fedha hiyo hairudi.

Kilichonishangaza ni kwamba mnyororo ule nilikuwa nikiutunza, au hivyo ndivyo nilivyodhani. Kila Ijumaa nilichukua mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka katika injini ya gari, nikaumiminia mnyororo mpaka ukadondoka. Nani atasema kwamba mtu huyu hajali baiskeli yake? Hata hivyo mnyororo haukumaliza mwaka wa pili.

Jibu nililipata mbali sana na kisiwa chetu.

NILIYOYAONA SINGE

Katika kiangazi cha mwaka 2023 nilikwenda kumtazama binti yangu aliyeolewa Singe. Singe ni kata mojawapo ya Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa uliokatwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Ni nchi ya juu, karibu na mlima Kwaraa na ziwa Babati. Watu wake hulima mahindi, mbaazi na alizeti. Huko hakuna mkarafuu hata mmoja, lakini baiskeli zipo, nazo zinabeba: madumu ya maji, magunia ya mahindi, kuni, na pengine mama na mtoto.

Kiangazi cha huko kina vumbi ambalo sisi wa visiwani hatulijui. Gari moja likipita, vumbi husimama hewani kama moshi, kisha hutua juu ya kila kitu. Nikajiuliza, baiskeli za watu hawa zaishije?

Nilimkuta fundi mmoja kijana chini ya mti, ameupindua mkokoteni wake wa magurudumu mawili kama meza, na juu yake amelaza mnyororo katika bati lenye mafuta ya taa. Aliponiona alinyanyuka.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, fundi. Pole na kazi.”

“Nishapoa. Karibu kivulini.”

Nikamweleza habari ya mnyororo wangu na mafuta yangu ya kila Ijumaa. Akasikiliza mpaka mwisho, akatabasamu kwa adabu.

“Mzee, usinielewe vibaya,” akasema. “Ulikuwa hutii mafuta. Ulikuwa unatengeneza msasa. Vumbi likichanganyika na mafuta huwa msasa, na wewe kila wiki uliongeza.”

Kisha akachukua kipande cha mnyororo mbovu, akagonga pini yake ikatoka, akanipa mkononi. Upande mmoja wa pini ile ulikuwa umeliwa, umeng'aa kama kisu kilichonolewa. “Huku ndani ndiko mafuta yanakotakiwa,” akasema. “Huku nje hayana kazi ila kukamata vumbi.”

Maneno hayo mawili ndiyo somo lote. Yanayofuata ni maelezo yake.

MNYORORO UMEFANYIKAJE

Chukua mnyororo uutazame kwa makini. Utaona mabamba ya nje na mabamba ya ndani yanayofuatana. Mabamba hayo yameshikwa na pini. Pini imepita ndani ya bomba dogo liitwalo bushi, na juu ya bushi kuna kigurudumu kinachozunguka. Jino la gurudumu linapoingia katika mnyororo hukutana na kigurudumu hicho, nacho huzunguka badala ya kusuguana na jino. Mnyororo wa namna hii ulibuniwa mwaka 1880 na Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa na kiwanda Manchester, Uingereza. Miaka mitano baadaye, mwaka 1885, John Kemp Starley alitoa baiskeli yake ya Rover iliyoendeshwa kwa mnyororo uendao gurudumu la nyuma, na baiskeli zetu za leo ni wajukuu wa ile.

Basi mahali panaposuguana ni pawili: kati ya pini na bushi, na kati ya bushi na kigurudumu. Pote pawili pamefichika ndani. Mabamba kwa upande wa nje hayasuguani na kitu. Hayo yanahitaji mafuta membamba tu kama utando, ili yasishike kutu.

Watu husema mnyororo “umevutika”. Kwa kweli chuma hakivutiki kama mpira. Kinachotokea ni kwamba kila pini na kila bushi vinalika kidogo kidogo, na kila kiungo kinapata nafasi. Fanya hesabu. Mnyororo wa baiskeli ya kawaida una viungo zaidi ya 100. Kila kiungo kikilika kwa sehemu moja ya kumi ya milimita tu, upana usioonekana kwa urahisi, viungo 100 vitafanya milimita 10, yaani sentimita nzima. Mnyororo uliorefuka hivyo haukai tena sawasawa juu ya meno. Hupanda juu, hula meno yenyewe, na siku ya mlima na mzigo huruka. Hapo hutanunua mnyororo peke yake, bali na friwili na gurudumu la meno la mbele pia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

ADUI WA SINGE NA ADUI WA PEMBA

Adui wa mnyororo kule Singe ni vumbi. Ndani ya vumbi mna chembe za mchanga, nazo ni ngumu kiasi cha kukwaruza chuma. Mafuta mengi huzikamata, na mnyororo unapozunguka huzisukuma mpaka ndani ya viungo.

Adui wa kwetu ni maji na chumvi. Hewa ya bahari ina chumvi, na baiskeli ilalayo nje karibu na pwani hupata kutu upesi kuliko ilalayo bara. Tena mvua yetu husafisha mafuta yote katika safari moja, na matope mekundu ya shambani yanapokauka huwa vumbi lile lile la Singe. Kwa hiyo sisi tuna maadui wote wawili, kila mmoja kwa msimu wake.

Dawa ya vumbi ni mafuta kidogo na kupangusa mara kwa mara. Dawa ya maji ni kukausha upesi na kurudishia mafuta siku ile ile. Lakini kwa yote mawili mwanzo ni mmoja: mnyororo uwe safi kabla ya kutiwa mafuta.

MAFUTA YAFAAYO NA YASIYOFAA

Mafuta ya cherehani ni mepesi, huingia ndani ya kiungo upesi, nayo yafaa sana wakati wa kiangazi. Ubaya wake ni kwamba huisha mapema, basi yatiwe mara nyingi.

Oili mpya ya injini, ile nyepesi ya namba 30, hukaa zaidi na hustahimili mvua. Hii ndiyo yafaa kwetu wakati wa masika na vuli. Kikombe kimoja kidogo kitakutosha muda mrefu.

Oili chafu ya injini haifai. Ndani yake mna masizi na unga wa chuma uliolika katika injini, na wewe waupeleka ndani ya mnyororo wako. Tena si njema kwa ngozi ya mikono.

Grisi haifai kupakwa nje ya mnyororo. Ni nzito, haiingii ndani ya viungo, nayo hukamata kila takataka. Mahali pake ni kwenye gololi za magurudumu.

Mafuta ya kupikia hayafai pia, ingawa yako karibu na mkono. Singe huwa ni mafuta ya alizeti. Kwetu ni ya nazi. Mafuta ya alizeti yakikaa hewani muda mrefu huwa mazito na yenye kunata kama ulimbo. Mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya kiasi cha digrii 24, na asubuhi za kipupwe kule Babati yangekuwa kama nta. Hata hapa kwetu yasipoganda, huchacha. Nazi tuiache chunguni.

Mafuta ya taa ni ya kuoshea tu. Anayepaka mafuta ya taa akadhani amelainisha mnyororo ameuacha mtupu. Petroli usiitumie kabisa: mvuke wake hushika moto kwa cheche moja.

JINSI YA KUFANYA KAZI

Tayarisha vitu hivi: bati au bakuli kuukuu, mafuta ya taa kiasi cha kikombe, mswaki mkuukuu, matambara mawili, kijiti, bisibisi, spana ya gurudumu la nyuma, na mafuta ya kulainishia. Fanya kazi mchana, mahali penye hewa, mbali na jiko na kibatari. Usivute sigara.

Kwanza. Pindua baiskeli ikae juu ya usukani na kiti, au itundike. Kama ina kifuniko cha mnyororo, kifungue. Kwa kijiti kwangua uchafu mzito ulioganda juu ya meno na kandokando ya friwili.

Pili. Tafuta kiungo cha kufungulia. Hicho kina kibanio kidogo chenye mwanya upande mmoja. Kisukume kwa bisibisi huku ukikikinga kwa kidole, maana hupenda kuruka majanini. Vipande vyake viweke katika kifuniko cha chupa visipotee. Mnyororo usio na kiungo hicho usiupige kwa msumari na nyundo. Uache mahali pake, weka bati chini yake, uusugue kwa mswaki na mafuta ya taa.

Tatu. Lowesha mnyororo katika mafuta ya taa kwa muda wa robo saa. Kisha usugue kwa mswaki kila upande, na kila kiungo ukikunje na kukinyosha ili uchafu wa ndani utoke. Mafuta yakiwa meusi, yamimine katika chombo kingine, utie mengine kidogo, urudie. Chukua mnyororo uutikise karibu na sikio. Ukisikia sauti ya mchanga, bado, rudia tena.

Nne. Upanguse, uutundike juani mpaka ukauke kabisa. Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa haraka. Mafuta ya taa yakibaki ndani, yatayeyusha mafuta mapya na kuyatoa nje. Subiri saa moja au mbili.

Tano. Mnyororo unapokauka, safisha meno ya mbele na ya nyuma kwa tambara lenye mafuta ya taa kidogo. Usiyamimine ndani ya friwili wala gololi za gurudumu, yasije yakaosha grisi iliyomo.

Sita. Rudisha mnyororo. Kibanio kikae hivi: upande wake uliozibwa uelekee kule mnyororo uendako, na upande wenye mwanya ubaki nyuma. Ukikigeuza, kitu chochote kitakachokigusa njiani kitakifungua.

Saba. Sasa tia mafuta. Tia tone moja tu juu ya kila kigurudumu, upande wa ndani wa mnyororo, pale unapopita chini. Anza kwenye kiungo chenye kibanio ili ujue mahali pa kuishia. Ukisha kuzunguka wote, zungusha pedali kinyumenyume mara ishirini, uache kwa nusu saa mafuta yaingie.

Nane. Shika tambara kavu, uupanguse mnyororo wote kwa nje mpaka ukiugusa kidole kisiwe cheusi. Mtu ataona kama unayatoa mafuta uliyoyatia. Sivyo. Yaliyoingia ndani hayatoki kwa tambara. Unayoyatoa ni yale yangekamata vumbi. Panga tambara kwenye sehemu ya chini ya mnyororo, uzungushe pedali kinyumenyume, na vidole viwe mbali na meno. Watoto wasikaribie, kwa maana mnyororo ukivuta tambara huvuta na kidole.

Tisa. Tazama mkazo. Inua na kushusha mnyororo kwa kidole katikati ya sehemu ya chini. Ucheze kwa sentimita 1 mpaka 2. Geuza pedali upime mahali kadhaa, kwa sababu meno hayakosi kuwa na upande ulio mkali zaidi. Kipimo chako kiwe pale palipokaza zaidi. Ukikaza mno utakula gololi; ukilegeza mno mnyororo utaanguka. Ukisha, hakikisha gurudumu la nyuma limenyoka katikati ya fremu, ukaze nati pande zote mbili.

MAFUTA YA TAA YALIYOTUMIKA

Usiyamwage karibu na kisima wala chini ya mkarafuu. Yatie katika chupa, yaache siku moja au mbili yatulie; uchafu utazama, na yaliyo juu utayatumia tena kuoshea mnyororo. Lakini nakusihi, chupa hiyo isiwe ya soda wala ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi. Tumia chombo cha namna nyingine, ukiweke juu mahali pa kufungwa.

MNYORORO UMEKWISHA AU BADO?

Viungo vyote vya mnyororo wa baiskeli vina kipimo kimoja: nusu inchi kutoka katikati ya pini moja mpaka katikati ya pini ifuatayo. Kwa hiyo viungo 24 vya mnyororo mpya ni inchi 12 kamili, yaani sentimita 30 na karibu milimita 5. Chukua rula, vuta mnyororo ukaze, upime viungo 24. Ukiona umefika inchi 12 na moja ya nane, yaani kama sentimita 30 na milimita 8, mnyororo huo umekwisha. Ubadili kabla haujaharibu meno. Ununuapo mpya, upime na ule wa zamani kwa idadi ya viungo, si kwa urefu, kwani wa zamani umerefuka.

Kipimo hiki ni kazi ya dakika moja. Laiti ningalikifanya kabla ya msimu ule, nisingalianguka.

MARA NGAPI?

Wakati wa ukavu, pangusa mnyororo kila wiki kwa tambara, utie mafuta unapoanza kulia. Uoshe kwa mafuta ya taa mara moja kwa mwezi kama baiskeli yabeba mizigo kila siku. Wakati wa mvua, kila urudipo umelowa, upanguse na kutia matone usiku ule ule. Kutu haingoji asubuhi. Kama baiskeli imepita maji ya chumvi au imesafiri katika mashua, imwagie maji baridi kwanza kuondoa chumvi, ikaushe, ndipo utie mafuta. Na kabla ya msimu wa kuchuma, fanya kazi yote tangu mwanzo hata mwisho, pamoja na kupima kwa rula.

Wenye pikipiki wasidhani somo hili si lao. Mnyororo wao ni mkubwa zaidi lakini sheria ni ile ile. Wao waangalie jambo moja: minyororo mingine ya pikipiki ina vipete vya mpira ndani ya viungo, na petroli huviharibu.

ANGALIA KARAFUU YAKO

Jambo la mwisho latuhusu sisi wakulima hasa. Karafuu hununuliwa kwa harufu yake, nayo hushika harufu nyingine upesi. Usioshe mnyororo karibu na jamvi lenye karafuu. Usiweke chupa ya mafuta ya taa katika chumba kimoja na magunia. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugeuza karafuu. Unapofunga gunia juu ya baiskeli, hakikisha pembe zake hazigusi mnyororo, na chukua turubai hata kama mbingu ni nyeupe.

Nilipoagana na fundi wa Singe nilimwachia konzi ya karafuu niliyokuwa nimemchukulia binti yangu. Aliinusa, akaifunga katika karatasi. Akaniambia, “Mzee, siku ukikuta mnyororo wako unang'aa nje kwa mafuta, jua umekosea. Mnyororo mzuri ni mkavu nje, na hauna sauti.”

Tangu siku ile nautazama wangu kwa maneno hayo. Msimu uliopita ulipanda milima yote na gunia mgongoni, wala haukuniambia neno.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ni sehemu zipi mbili za mnyororo zinazosuguana, na kwa nini mafuta ya nje hayazifai?
2. Kwa nini oili chafu ya injini huharibu mnyororo?
3. Kibanio cha kiungo kielekee wapi, na kwa sababu gani?
4. Viungo 24 vikipimwa vikawa inchi 12 na moja ya nane, utafanya nini?
5. Umerudi nyumbani jioni, baiskeli imelowa mvua. Ni kazi gani usiyoweza kuiacha mpaka kesho?